Pikapu ya Kumfaa Mama Mkwe

Mimi gari silichagui kwa rangi, nalichagua kwa uvungu. Nikifika kwa mtu anayeuza pikapu, hata salamu hazijaisha tayari nimelala chali chini yake na shati langu safi, natafuta kutu. Mke wangu anasema siku moja nitapotelea humo na yeye hatanitafuta. Aseme tu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Iringo, natengeneza vitanda, makabati na makochi, na seremala yeyote atakwambia kitu huanza kuoza pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasafirisha vitanda kwa kirikuu ya kukodi, kale kagari ka mizigo ambako ukikapakia kabati hukaoni tena, unaona kabati tu linajiendea barabarani. Mwenye nako nikimpigia asubuhi, yuko njiani. Saa sita, bado yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika? Nilitamani pikapu yangu mwenyewe. Lakini sitawadanganya, vitanda vingeweza kusubiri. Kilichonifanya niguse akiba ni mguu wa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi Butiama, mjane, na shamba lake la mihogo na kuku wake, mtu wa maneno machache na makavu. Ana ugonjwa wa sukari. Alikanyaga kisiki shambani, akapata kidonda unyayoni, kikakataa kupona. Kikawa kinakula kwa ndani. Hospitali ya Musoma wakamwambia mke wangu bila kuzunguka: kila wiki aletwe kidonda kisafishwe, na akiwa wa kuja leo kesho haji, mguu utakatwa. Mwanamke aliyelima maisha yake yote bila kuomba kibarua, leo umkate mguu? Siku ile mke wangu alirudi nyumbani kwetu Buhare akakaa jikoni, hakuwasha hata moto. Mimi nikakaa naye. Niliogopa kweli.

Kupanda bodaboda alishindwa, mguu ule unaning'inia unauma. Kwenye basi alisukumwa mlangoni, mtu akamkanyaga palepale. Tukakodi taksi, na dereva wake akawa ndugu yake yule wa kirikuu: foleni ya kusafisha vidonda inafungwa, wao bado wako Makutano wanabadilisha tairi. Sasa utaniuliza, si umchukue akae kwako Buhare mpaka apone? Ndiyo maana inabidi nikueleze habari ya aibu ya kwao.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu aliingia Musoma na cherehani, na kwetu mama mkwe unampa mkono, unamtania, mnakula naye sinia moja. Kwa kina mke wangu, thubutu! Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani, hawakai kiti kimoja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata inyeshe mvua ya mawe. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha nilinyoosha mkono nimsalimie. Aliruka pembeni utadhani nimemtolea nyoka, na wajomba wakanicheka mpaka jioni.

Tangu siku hiyo tumeishi kwa adabu. Nikifika nasimama nje ya ua, nakohoa. Akiwa na neno kwangu anampa mke wangu, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia: "Mwambie baba watoto maji ya kunawa yapo." Nami namjibu mke wangu: "Mwambie mama nashukuru." Mke wangu asipokuwepo, anawaambia kuku. Sitanii. "Ninyi kuku, mwambieni anayetafuta shoka liko nyuma ya ghala." Kuku wanadonoa tu, mimi nakwenda kuchukua shoka. Watoto wetu wamekua, wengine wameoa, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia neno hata moja kutoka kinywani mwake lililokuja kwangu moja kwa moja.

Nasikia kuna watu wanaoiondoa aibu hiyo kwa mbuzi na blanketi, mambo yakawa shwari. Mke wangu alimuuliza. Akasema, "Heshima yangu na mkwe wangu imekaa miaka yote hii bila ufa, leo niibadilishe na mbuzi?" Hapo hapo mjadala ukafa.

Kwa hiyo kila pikapu tuliyoitazama, mimi niliuliza habari za injini, springi na chesisi, na mke wangu akauliza swali moja tu: mama atakaa wapi? Na aendeshe nani? Mke wangu alijaribuga kujifunza, akaingia na gari ya watu kwenye ua wa minyaa wa jirani, tukakubaliana kwa amani kwamba dereva ni mimi. Dereva wa kuajiri sitaki hata kumsikia, nimeshawaeleza habari za watu walio njiani.

Ya kwanza tuliiona Bunda. Nyeupe, singo kebini, mlango mmoja huku na mmoja kule, kiti kimoja kirefu mbele na bodi ndefu nyuma. Dalali wake alikuwa na mdomo usiopata mapumziko.

"Mzee wangu, hii gari imelelewa kama mtoto. Haijawahi kubeba hata gunia!"

"Haijabeba gunia," nikamwambia nikiwa bado uvunguni, "na hiki kinyesi cha ng'ombe hapa kwenye kona kiliingia kwa maombi?"

Akacheka, mimi sikucheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaipenda. Chesisi nzima, haina kuchomelewa. Springi za nyuma zimekaa kiume. Injini ilinguruma bila kukohoa na moshi wake mweupe ulikata baada ya dakika chache. Kasoro niliyoipata ni kile kidirisha cha nyuma, cha kusukuma, kilicho kati ya kebini na bodi. Kilikuwa kimelegea, hakifungi sawasawa.

"Hapa vumbi lote la Mara litaishia mdomoni mwangu," nikamwambia dalali, na nikakitumia kidirisha hicho kumbana bei kwa muda mrefu. Alishuka kidogo, mwisho akaniomba nisimtoe roho.

Mke wangu alikuwa amekaa ndani kwenye kile kiti kirefu, anapima kwa makalio. Akampigia mama yake palepale, akaweka sauti ya wazi. Akamweleza: "Baba watoto atakaa kwenye usukani, mimi katikati, wewe mlangoni."

"Kiti kimoja ni kiti kimoja," sauti ya Butiama ikajibu, "hata mjenge ukuta katikati."

Dalali akanitazama, akatazama simu. Ni mtu wa huko huko, hakuhitaji kuelezwa. Akatikisa kichwa tu, akasema, "Hapo mzee, bei haisaidii."

Ya pili ilikuwa Musoma mjini, kwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu mstaarabu aliyetupa chai ya tangawizi kabla ya kutuonyesha chochote. Dabo kebini, rangi ya damu ya mzee, milango minne, kiti cha mbele na kiti cha nyuma. Ndani inanukia udi. Mke wangu aliingia nyuma, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena, akatabasamu.

"Mama huyu hapa," akasema. "Wewe mbele kule, kiti chako. Yeye nyuma, kiti chake."

Mimi nilikuwa nimebeba begani mbavu ya kitanda kutoka karakana, ile mbao ndefu ya ubavuni. Nikailaza kwenye bodi. Ikatoka nje kupita kiasi, bodi yenyewe ni ya kubebea mbuzi wawili na shada la mboga.

"Hii siyo pikapu," nikasema. "Hili ni gari la harusi lililokatwa nyuma!"

"Mchagua jembe si mkulima," mke wangu akanirudishia. "Kitanda kitatoa ulimi nje, sawa. Mguu wa mama ukitoka, utaurudisha kwa gundi ya mbao?"

Nikaitoa mbavu yangu kwenye bodi. Tukamwomba mwenye gari tulijaribu siku ya kliniki, na kwa uungwana wake akatupa funguo. Tukaenda Butiama asubuhi. Nilikohoa nje ya ua kwa kujiamini kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Nikageuka nikatazama migomba wakati mama mkwe anasaidiwa kuingia. Mke wangu akakaa naye nyuma. Nikawasha, tukaondoka, gari inateleza kama siagi, na mimi nikajisemea basi, vitanda vitatoa ulimi, haidhuru.

Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa. Nikainua macho kutazama kioo cha katikati kama dereva yeyote, na ndani ya kioo kulikuwa na macho ya mama mkwe wangu, yananitazama.

"Mwambie asimame," akasema.

Nilikanyaga breki kwa nguvu mpaka mkoba wa mke wangu ukaanguka.

"Kwenye kile kioo kuna mtu," mama mkwe akamwambia mwanawe.

Nani angefikiria kioo? Nimekagua oili, tairi, mpaka bawaba za milango, kioo sikukikumbuka. Nikakigeuza kikaangalia dari, nikaanza kurudi barabarani, na lori la kokoto likanipigia honi nusura linipeleke. Sikuwa nimeliona.

"Mwambie aendeshe barabara, asiendeshe dari," mama mkwe akasema, akafungua mlango mwenyewe, akashuka. Akarudi nyumbani kwa fimbo yake, polepole, na kidonda chake, mke wangu nyuma yake anambembeleza. Kliniki ya siku hiyo ikatupita hivyo hivyo.

Nilikuwa na hasira, jamani. Hasira na mila, hasira na kioo, hasira na lori la kokoto. Nikaipiga teke tairi ya gari ya watu. Kidole gumba kikalia ko! Nikaingia mpaka kwenye ua nachechemea, nimesahau hata kukohoa.

"Sasa tumekuwa wawili," mama mkwe akasema nyuma ya mlango, na nikasikia anacheka. Mke wangu, aliyekuwa analia, naye akacheka kamasi zinamtoka. Mimi ndiye niliyechelewa kucheka.

 Kisha mama mkwe akawageukia kuku. "Kuku, mwulizeni, lile gari la Bunda, nyuma kwake ni wazi?"

"Waambie kuku ni wazi," nikamwambia mke wangu.

"Na ukikaa nyuma, umeegemea kebini, unatazama wapi?"

"Unatazama ulikotoka."

"Na anayeendesha?"

"Anatazama aendako."

"Basi nini kinawasumbua? Mimi usichana wangu wote nimepanda malori ya pamba inayokwenda kuchambuliwa ginari Bunda, juu kabisa ya magunia. Mimi siyo yai."

Mke wangu akaruka. Mama yake mzazi akae kwenye bodi kama gunia la viazi? Watu watasema nini, mkwe yuko mbele kwenye kivuli na mama mkwe nyuma kama mzigo? Hapo hata mimi nilishikwa na aibu. Jina langu lingeimbwa kwenye kila kilabu kuanzia Butiama mpaka Musoma.

"Watasema nimebebwa," mama mkwe akajibu. "Si kweli nimebebwa? Mwambieni seremala anitengenezee kiti."

Siku iliyofuata nilirudisha funguo kwa yule muungwana wa vitenge na shukrani nyingi, nikapanda basi la Bunda. Dalali aliponiona akafungua mikono. "Nilijua utarudi! Kizuri chajiuza!"

"Kibaya chajitembeza," nikamwambia, "na wewe umenipigia simu tangu siku ile kila uchao." Tukamalizana, nikaiendesha nyeupe yangu mpaka Iringo nikiimba peke yangu.

Kile kiti sijawahi kutengeneza kitu kwa moyo namna ile. Mbao za mninga nilizokuwa nimezificha kwa ajili ya kabati la mteja mmoja mwenye maringo. Mgongo mrefu kupita kichwa cha mkaaji, makusudi, ili kioo changu cha katikati kionyeshe mbao tu. Mikono mipana ya kuegemea. Godoro zito, na kibao cha kunyooshea mguu chenye mto wake. Gereji wakanipa mkanda wa gari bovu, nikaufunga. Juu turubai la kivuli kwenye fremu ya bomba. Kiti kizima nikakifunga sakafuni mwa bodi kwa bolti, kimeipa kebini mgongo, na nikazifanya bolti ziwe za kufunguka siku ya vitanda. Nyuma ngazi ya kupandia, na pembeni ya kiti pakawa na kigoda kifupi cha mke wangu.

Safari ya kwanza wanawake wa jirani walimpandisha, mimi natazama migomba. Nilipowasha gari nikasikia vigelegele. Watoto walikimbia pembeni. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama na ndoo zao, na mama mkwe akawa anawapungia mkono wake mmoja, taratibu. Mke wangu anasema alikuwa amejifunga ile kanga yake anayoitunza kwa ajili ya harusi.

Karibu na Makutano trafiki akatusimamisha. Akazunguka nyuma, akakuta bibi amefungwa mkanda kwenye kochi la mninga.

"Baba, hii ni nini? Abiria kwenye bodi?"

"Afande, huyo ni mama mkwe wangu."

"Na kwa nini hakai mbele?"

"Kiti cha mbele ni kimoja, afande."

Nikaona kalamu yake imesita. Akarudi nyuma, akamwamkia mama kwa lugha ya kwao, wakaongea kidogo. Aliporudi dirishani kwangu alikuwa anajikaza asicheke. Akasema hiki kitu hakikubaliki, na kwamba mgonjwa ni mgonjwa, na kwamba akiniona nakimbiza gari nitalala ndani. Nikamwitikia naam kwa yote.

Ndivyo tulivyoendelea, kila wiki. Polepole, mwenda pole hajikwai. Kliniki haikutupita tena. Siku nyingine nafungua bolti, nabeba vitanda mpaka Bunda, bodi inameza mbavu yote na nafasi inabaki. Mke wangu alikuwa ananinung'unikia jambo moja tu, kile kidirisha cha nyuma, kinaingiza vumbi na hakina faida. Nikawa namwambia nitakitengeneza Jumamosi. Jumamosi ni nyingi.

Kisha ikaja wiki ambayo daktari alikuwa amesema angeamua. Nyama ikiwa imeanza kuota, mguu unabaki. La sivyo, kisu. Asubuhi ya siku hiyo mke wangu akaamka na malaria, anatetemeka, hawezi hata kusimama. Akanishika mkono akasema nenda, usimkoseshe. Nikaenda peke yangu. Butiama majirani wakampandisha mama, nikaendesha, tukafika, nesi akampokea kwa kiti cha magurudumu. Mimi nikabaki nje chini ya kibanda cha kusubiria, nahesabu vigae vya sakafu na kupoteza hesabu.

Alipotoka, nesi alimpandisha, akafunga mkanda, akakimbilia mgonjwa mwingine kabla sijamuuliza. Nilisimama pale kando ya gari yangu. Mtu mwingine angemtazama usoni akajua. Mimi uso wa mama mkwe siujui, miaka yote hii namjua kwa kanga na sauti. Kumuuliza siwezi. Wa kumtuma sina. Hata kuku hawakuwepo. Mke wangu akanipigia, sauti inatetemeka, "Wamesemaje?" Nikamjibu sijui, na ilikuwa kweli, na nikamsikia anaanza kulia.

Nikawasha gari. Tukapita Bweri. Tukaacha mji. Kwenye kioo naona mninga tu. Nilikuwa nawaza jinsi ya kutengeneza magongo, mbao gani ni nyepesi, nikajichukia kwa kuwaza hivyo. Tulipopita Makutano nikasikia kitu nyuma ya shingo yangu. Kidirisha kilikuwa kinasukumwa, mkono umepitia pembeni ya kiti. Kikakwama, kikasukumwa tena.

Mtu akakohoa, kama ninavyokohoa mimi nje ya ua wake.

"Mkwe wangu."

Nilishika usukani, macho barabarani. "Naam, mama."

"Mguu unabaki."

Nikatoa mguno mmoja mzito.  Machozi yakaanza kunitoka, nayaacha tu yatoke, barabara naiona kwa shida.

"Hiyo ni injini au ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi lia ukiendesha, usisimame. Kuku hawajala tangu asubuhi." Kisha akaongeza: "Kiti hiki umekitengeneza vizuri. Sijaumia hata siku moja."

Tukaongea mpaka Butiama. Mgongo kwa mgongo, yeye anatazama tulikotoka, mimi ninakokwenda. Aliniuliza kama binti yake bado anachoma ugali. Nikamwambia ukweli. Alicheka kicheko kile nilichokuwa nakisikiaga nyuma ya milango tu, safari hii kimekuja masikioni mwangu mimi.

Tulipofika, kidirisha kikafungwa. Majirani wakamshusha, nikatazama migomba yangu. Nikampigia mke wangu nikampa habari, akapiga ukelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Mama mkwe alikuwa ameshaingia uani, anawamwagia kuku mtama.

"Kuku," akasema, "mwambieni mwenye gari nashukuru."

Nami nikainama kidogo kuelekea kwa kuku.

"Mwambieni mama," nikasema, "kile kidirisha sitakitengeneza."